Kadi sina, bahari naijua: nishuke mita 55?

Shikamoo mzee,

Mimi ni kijana wa Nungwi, umri wangu miaka 31, nina mke na watoto wawili. Bahari sikuisomea darasani. Mjomba wangu alinichukua nikiwa na miaka 12 kwenda kuzamia kamba na majongoo bahari, kwa pumzi ya kifua tu. Baadaye nikapata kazi ya kubeba mitungi kwenye kituo cha mbizi, nikaosha mavazi ya wageni miaka miwili, mwisho mwenye kituo akanisomesha mpaka nikawa daivmasta, yaani kiongozi wa wazamiaji. Huu ni mwaka wa tisa. Daftari langu lina mbizi zaidi ya 2,500.

Kila kaskazi ikianza huja mzee mmoja wa Kizungu, mstaafu, na kwa sasa tumekuwa kama ndugu. Yeye ana kadi ya mafunzo ya kushuka mpaka mita 60 kwa mchanganyiko wa heliamu. Safari hii anataka twende wawili kwenye ukuta wa magharibi mwa Pemba, tushuke mita 55, tukae huko dakika 15, kisha tupande kwa vituo. Nilipomwambia bosi, akakataa. Kadi yangu inaishia mita 40 na haina dekompresheni, yaani huko kupanda kwa vituo ili gesi itoke mwilini polepole. Alisema hanipi mitungi pacha, hanipi oksijeni, na nikipitia njia nyingine nisirudi kazini.

Kinachoniuma ni hiki. Mwezi huohuo alikuja mgeni mwenye mbizi 70 na kadi ya dekompresheni. Alipewa kila kitu. Siku ya kujaribu vifaa, kwenye mita 12, alishindwa kukaa mahali pamoja, anapanda na kushuka, na mimi ndiye niliyemshika. Mimi huyuhuyu niliyewahi kumtoa mgeni aliyechukuliwa na mkondo pale Leven Bank. Yeye anaruhusiwa, mimi siruhusiwi. Tofauti yetu ni kipande cha plastiki.

Rafiki yangu anasema kadi ni biashara ya watu, kwamba waliotangulia walishuka bila kuulizwa karatasi, na mtu mzima abebe jukumu lake mwenyewe. Vifaa ataleta yeye. Boti ni ya binamu yangu. Tutasaini karatasi kwamba kila mmoja na roho yake, asilaumiwe mtu.

Nami nisikufiche, mita 50 si ngeni kwangu. Mwaka jana tulishuka wawili mpaka 52 kwa hewa ya kawaida, mtungi mmojammoja, tukagusa tukapanda. Kichwa kilikuwa chepesi kidogo, basi. Usiku bega la kushoto liliniuma, mama akalichua kwa mafuta ya karafuu, siku ya tatu likapoa.

Kozi yenyewe ni mshahara wangu wa miezi mitano. Niambie ukweli mzee: kinachomlinda mtu chini ya maji ni kadi, au ni akili yake na uzoefu wake? Na kama ni akili na uzoefu, kwa nini nisiende?

Mzamiaji wa Nungwi

*

Marahaba mwanangu.

Swali lako nitalijibu, lakini nianze na bega. Umelitaja kwa sentensi moja, ukalipita. Mimi sentensi hiyo nimeisoma mara nne.

Mwaka 1908 John Scott Haldane, mwanasayansi Mskoti, alitoa jedwali la kwanza la kuwapandisha wazamiaji kwa vituo. Kabla ya kuwajaribu watu alijaribu mbuzi. Aliwafungia kwenye chumba cha chuma, akawapandishia mgandamizo, kisha akaushusha. Mbuzi aliyeshushiwa haraka mno aliinua mguu wa mbele na kukataa kuukanyagia. Hivyo ndivyo Haldane alivyojua kwamba naitrojeni iliyoingia mwilini imetoka kwa fujo, imekuwa mapovu, na mapovu yamekaa kwenye kiungo. Kwa mzamiaji wa mtungi, kiungo kinachouma mara nyingi kuliko vyote ni bega.

Kwa hiyo sikuambii kwa hakika ulipatwa na nini, maana sikukuona. Nakwambia kwamba maumivu ya bega yaliyoanza saa chache baada ya mita 52 yanahesabiwa kuwa ugonjwa wa mapovu mpaka daktari aseme vinginevyo. Mafuta ya karafuu ni tiba nzuri ya msuli uliochoka, naitrojeni hayaitoi. Maumivu yanaweza kwisha yenyewe na bado ikawa ulipatwa. Dawa ya siku ile ilikuwa oksijeni safi, upumue mfululizo, upige simu, na uwe tayari kupelekwa kwenye chumba cha mgandamizo. Kama rafiki yako alijua bega linakuuma na hakukwambia hayo, basi ile kadi yake ya mita 60 haikumfundisha jambo la awali kabisa.

Kuna jingine. Karibu mtu mmoja kati ya wanne ana kitundu kidogo moyoni, kati ya chumba cha kulia na cha kushoto, kilichobaki tangu akiwa tumboni mwa mama. Juu ya nchi kavu huishi nacho mpaka uzee bila kukijua. Kwa mzamiaji, mapovu yanayopaswa kuchujwa kwenye mapafu yanaweza kukipita kitundu hicho na kwenda kwenye ubongo au uti wa mgongo. Sikutishi. Nakuomba umwone daktari anayejua mambo ya mbizi kabla ya kitu kingine chochote, kabla hata ya kufikiria kozi. Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, lina simu ya dharura ya saa zote. Muulize bosi wako kama bima ya kituo inakuhusu wewe pia au wageni peke yao. Hilo nalo ulijue.

Sasa kadi.

Malalamiko yako ni ya haki na siwezi kuyapunguza. Kadi haimfanyi mtu kuwa mzamiaji. Nimewaona wenye kadi sita wasioweza kukaa mita tano dakika tatu bila kushika kamba. Mgeni yule wa mbizi 70 hakustahili mitungi pacha siku ile, na bosi wako alipaswa kumrudisha mita 12 mpaka atulie, kadi au bila kadi. Mwenye kituo anayeangalia plastiki bila kumwangalia mtu amefanya nusu ya kazi. Hapo nipo upande wako.

Na hoja ya rafiki yako nayo nitaipa nguvu zaidi ya aliyoipa yeye. Juni 2018, watoto 12 na kocha wao walikwama ndani ya pango la Tham Luang kule Thailand. Waliowakuta wakiwa hai ni Rick Stanton na John Volanthen, Waingereza wawili ambao mbizi za mapangoni kwao ni kitu cha kupenda, si kazi ya mshahara. Stanton alikuwa zimamoto. Chama chao, Cave Diving Group, kilianzishwa 1946, kabla hizi kampuni za kadi hazijazaliwa. Na siku hizohizo, tarehe 6 Julai, Saman Kunan, mzamiaji aliyepata mafunzo ya jeshi la wanamaji, alikufa humo humo akirudi baada ya kupeleka mitungi ya hewa. Kwa hiyo ni kweli, yapo maji ambayo karatasi haivuki.

Lakini utazame chama kile kinavyofanya. Hakikuuzii kozi ya siku nne. Unaingia ukiwa mwanagenzi, unakwenda na wakubwa, wanakutazama kwa muda mrefu, kisha unachunguzwa ndipo unapitishwa. Ni kama ulivyokuwa wewe kwa mjomba wako. Hakukupa usukani siku ya kwanza ya kusi. Wale Waingereza wamekwepa biashara ya kadi, hawajakwepa kupimwa. Wewe na rafiki yako mnataka kuvikwepa vyote viwili, na jina mliloupa mpango huo ni jukumu binafsi.

Hebu nikuulize ambalo rafiki yako hakukuuliza. Katika mbizi zako 2,500, mambo yalipoharibika, ulitokea wapi? Juu. Kila mara, juu. Regyuleta, kile kifaa cha kupumulia, ikileta wasiwasi, mgeni akichanganyikiwa, hewa ikipungua, mwili wako wote unajua njia ni moja: polepole, lakini juu. Miaka tisa umejifunza hilo mpaka limekuwa kama kupepesa jicho. Mbizi ya dekompresheni inaifunga njia hiyo. Baada ya dakika 15 kwenye mita 55 una dari juu ya kichwa, dari usiyoiona, na ukiivunja utalipa kwa uti wa mgongo. Tatizo lolote inabidi ulimalize palepale lilipokukuta, hukohuko chini, gizani, kichwa kikiwa chepesi. Ujuzi huo ni mwingine. Ule ulio nao haugeuki kuwa huu kwa wingi wake. Wakati mwingine unauzuia, kwa sababu mkono wako utataka kufanya ulichozoea.

Kwenye midomo ya mapango ya Florida na Mexico pamewekwa kibao chenye picha ya kifo, kinachomwambia mzamiaji arudi. Kimeandikwa kwamba zaidi ya wazamiaji 300 wamekufa mapangoni, wakiwemo walimu wa mbizi za bahari. Walimu! Watu wenye kadi za juu kuliko yako. Waliingia wakiamini kwamba maji ni maji. Sheck Exley, Mmarekani, alikaa akasoma ripoti za vifo hivyo moja baada ya nyingine, na 1979 akaandika sababu zinazojirudia: hawakufunga kamba ya kuwarudisha, hawakubakisha theluthi mbili za hewa ya kutokea, walikwenda kina kirefu mno kwa hewa ya kawaida. Kozi za pango tulizonazo leo zimejengwa juu ya orodha hiyo. Hiyo ndiyo maana ya kozi ikiwa nzuri. Ni vifo vya watu vilivyopangwa vizuri ili wewe usivirudie. (Exley mwenyewe, mwenye maelfu ya mbizi za mapangoni, alifia Zacatón, Mexico, Aprili 1994. Bahari na mapango havina mpendwa.)

Chukua kalamu tufanye hesabu, maana mtu anayesema atabeba jukumu lake lazima ajue lina uzito gani. Kwenye mita 55 mgandamizo ni baa 6.5, yaani mara sita na nusu ya ule wa juu ya maji. Ukipumua lita 20 kwa dakika juu ya maji, kule utatumia lita 130. Mtungi wa lita 12 uliojazwa baa 200 una lita 2,400. Kwa hiyo una dakika 18 mpaka mtungi uwe mtupu kabisa, bila kuhesabu kushuka, bila kuhesabu kupanda. Sasa tia hofu: mtu aliyeshtuka hupumua mara mbili. Dakika tisa. Tia rafiki yako ambaye regyuleta yake imeharibika, mnapumua wawili, wote mmeshtuka. Nne na nusu. Hapo bado hujafika kituo cha kwanza. Mitungi pacha itakuzidishia hizo dakika, nami nakuuliza: valvu ya nyuma ya shingo ikianza kumwaga hewa, ni ipi utaifunga kwanza, na umewahi kuifunga ukiwa umevaa glovu na macho hayaoni? Kama hujui, huo mzigo hujaubeba. Umeubandika jina tu.

Kile kichwa chepesi nacho usikichekee. Naitrojeni ya kina kile ni ulevi, na ubaya wa mlevi ni kwamba yeye ndiye anayeulizwa kama amelewa. Isitoshe hewa ya mita 55 ni nzito mara sita na nusu ya hii unayopumua ukisoma, mapafu yanachoka kuisukuma, kaboni dayoksaidi inabaki mwilini, nayo inauzidisha ulevi na kuleta hofu isiyo na sababu. Heliamu ya rafiki yako ipo kwa ajili hiyo. Je, kwenye mpango wenu heliamu ni ya wote wawili, au yeye atapumua heliamu na wewe hewa? Barua yako haikusema. Kama ni yeye tu, basi pale chini atakuwa na akili yake timamu na wewe utakuwa umelewa, na bado mtaita ni ndugu wawili.

Oksijeni uliyonyimwa, usidhani ni choyo. Oksijeni safi ni salama ya kituo cha mwisho, mita sita, si zaidi. Ukiikosea ukaivuta kwenye mita 21 inaweza kukuletea degedege, regyuleta ikatoka mdomoni, na hapo hakuna wa kukutoa kama ulivyomtoa yule wa Leven Bank. Watu wazima, hodari, wamekufa kwa kuchukua mtungi usio wenyewe. Mwenye kituo anayejaza oksijeni anataka kujua kwamba aliyempa amefundishwa kuikagua na kuthibitisha kina kabla ya kuweka mdomoni. Yeye hakujui ndani ya fikra zako. Kadi ni namna yake hafifu ya kuuliza hilo. Na kwa upande wake ana leseni, ana bima, na ana wafanyakazi wengine wanaokula kupitia kituo hicho.

Tufike kwenye hiyo karatasi ya kila mtu na roho yake.

Kule Afrika Kusini kuna shimo la maji liitwalo Boesmansgat. Desemba 1994 kijana mmoja, Deon Dreyer, alifia humo. Miaka kumi baadaye Dave Shaw, rubani wa ndege kutoka Australia, alishuka mpaka mita 270 akaukuta mwili wake. Aliahidi kurudi kuuchukua ili wazazi wamzike mtoto wao. Januari 2005 akarudi, na yeye akafia palepale. Mwenzake Don Shirley alipanda akiwa na mapovu kwenye sikio la ndani, akanusurika kwa shida. Shaw hakuwa mzembe. Alikuwa na vifaa, timu, na moyo wa huruma. Ila tazama kifo cha mtu mmoja kilivyowaita wengine, miaka kumi baadaye.

Sasa wewe. Usipopanda, nani atashuka? Si polisi. Watashuka madaivmasta wenzako wa Nungwi, wenye kadi za mita 40, kwa hewa ya kawaida, kwa sababu watakuwa hawawezi kumtazama mama yako usoni. Binamu yako atabaki juu ya boti akizunguka mpaka jua lizame. Hao hawakusaini karatasi yenu. Nimewahi kukaa na kijana wa majongoo aliyekwenda na mitungi bila mafunzo na leo anatembelea mikongojo. Aliyenisimulia kwa machozi hakuwa yeye, alikuwa ndugu yake aliyekuwa akimjazia hewa. Jukumu binafsi nalikubali na naliheshimu, lakini ni la mtu anayeweza kupotea bila mtu kumfuata. Wewe sio mtu huyo, alhamdulillahi.

Kwa hiyo usiende Pemba msimu huu. Nasema hivyo wazi.

Bosi wako mwendee baada ya daktari, usimwendee na hasira. Mwambie unataka kozi ya kwanza ya dekompresheni, akulipie, akate kidogokidogo kwenye mshahara, nawe uandike kwamba utamfanyia kazi miaka miwili. Kituo chenye daivmasta mwenyeji anayeweza kuongoza wageni wa kina kirefu kinapata faida, hakina haja ya kuagiza mwalimu kutoka nje kila msimu. Akikataa, muulize kwa adabu kwa nini mbizi 70 za mgeni zina thamani na 2,500 zako hazina. Swali hilo anastahili kulijibu. Na ujue mapema kwamba kozi hiyo haikufikishi mita 55. Kwa shirika la mafunzo ya mbizi kama TDI inaishia mita 45. Zaidi ya hapo ni kozi nyingine, na kati yake ni mbizi nyingi za mazoezi.

Rafiki yako naye nataka umpime, maana yeye amekupima sana. Mwambie: "Babu, kabla ya Pemba nipe mbizi kumi za mita 15. Niazime mitungi pacha, nifundishe valvu, nizime taa, ninyime hewa ghafla, unikosoe." Asiyekuwa na subira ya mita 15 hakutaki wewe, anataka mtu wa kushuka naye. Na kama kweli ni ndugu, gharama za kukodi boti na kusafirisha heliamu mpaka Pemba zingeweza kulipa sehemu nzuri ya kozi yako. Mtajie hilo. Uangalie uso wake.

Wiki hii pia fanya jambo moja dogo: ulizia chumba cha mgandamizo kilicho karibu nawe kama kinafanya kazi leo, nani anakiendesha, simu yake ni ipi, na kutoka Nungwi ni muda gani usiku. Ziandike kwenye ubao wa kituo chenu, ambapo kila mtu anapita.

Bega likianza tena, hata kidogo, hata siku usiyoshuka zaidi ya mita 20, pumua oksijeni na upige simu usiku huohuo. Mama atakuchua baadaye. Niandikie daktari amesemaje.